Fundi Aliyesema Itapanda

Fundi hakujua kuendesha gari. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapomsimulia mtu habari zake hudhani nampiga chenga. Mtu aliyefungua injini nyingi kuliko sufuria nilizosugua mimi, na mimi nimesugua sufuria miaka thelathini, alikuwa akitoka Mbotela hadi kwa wauza spea wa Kirinyaga Road kwa miguu na kurudi kwa miguu, mara nyingine krankshafti, ule mhimili mzito wa injini, begani kama mtu aliyetoka kukata muwa. Siku moja nilimwuliza mbona hajifunzi hata kusogeza gari kutoka kivulini hadi juani. Akanijibu kwamba akishika usukani atasikiliza injini na kusahau barabara. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Nilikuwa na kibanda cha chapati kando ya gereji yake, na ukuta kati yetu ulikuwa magunia mawili yaliyoshonwa pamoja. Kwa hiyo haya sikuyasikia kwa watu. Gereji ni jina la heshima tu. Kulikuwa na uwanja wa udongo mweusi kwa oili, nyuma ya nyumba za mwisho za estate, na mabati sita juu ya nguzo za mabomba. Chini ya mabati hayo vililala vipande vya injini vya kila ukoo. Mpita njia angeona takataka, lakini Fundi alijua kila kimoja kilitoka kwenye gari gani na mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani. Angeinua pistoni, aifute kwa kitambaa, aseme hii ilikuwa ya mwalimu, tazama ilivyotunzwa. Nyingine aliisukuma kwa mguu akasema mwenyewe alikuwa mtu wa kukopa mafuta.

Hakuiamini injini iliyotoka kiwandani ikiwa nzima. Alisema kiwanda humtengenezea gari mtu kisiyemjua, ndiyo maana kinaogopa, kinampimia kila mtu nguvu kidogo kidogo kama mama wa kambo anavyopakua mboga. Yeye alimjua mwenye gari. Alijua anabeba nini, anapita wapi, na mlima uko upande gani wa safari. Basi alichukua chini ya injini hii na juu ya injini ile, vitu ambavyo waliovitengeneza hawakuota kwamba vingekutana, akavifungisha ndoa. Vijana wa mtaa waliziita injini zake chotara. Neno hilo hakulipenda, lakini nalo lilimshinda kulizuia.

Nilipomwomba anieleze, alinieleza kwa lugha ya mtu anayeuza chakula. Bloku, ile sehemu ya chini inayobeba pistoni, ndiyo tumbo. Kichwa kinachofungwa juu yake, chenye valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi, ndicho pua. Gari la mizigo hupewa tumbo kubwa na pua ndogo, na gari dogo la mtu wa haraka hupewa pua kubwa na tumbo la mtoto. "Mtu mwenye tumbo na mafua hawezi kupanda ngazi, Mama Nekesa," aliniambia. "Mimi nawatafutia pua tu." Nekesa ni binti yangu wa kwanza.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Sitamsafisha kuliko alivyokuwa. Spana iliyorudishwa chafu ilimfanya amseme mtu mpaka saa ya chakula, na alikuwa na kiburi cha kutorekebishwa mbele ya watu. Kuna kijana aliyekuja na gari dogo lililozeeka, akasimama na mikono mfukoni. "Niaje mzee," akasema, "hii ndai imezubaa. Iwekee makali." Fundi akaendelea kusugua alichokuwa akikisugua. Akamwuliza anakimbilia wapi. "Si ni kupepea tu, mzee." Fundi akafunga boneti, akamwambia mtu asiyejua aendako hana sababu ya kufika mapema. Kijana akaondoka akisonya.

Wiki iliyofuata alikuja mama yake, mwanamke mpole, akaketi kwangu kunywa chai, na katika mazungumzo nikajua kwamba yule kijana huchukua maziwa Komarock alfajiri kuyapeleka hoteli za mjini, na gari likikokota yanaganda. Nikaenda upande wa pili wa gunia nikamwambia Fundi. Aliweka spana chini. Kisha akauliza, kwa hasira ya mtu aliyekosea, kwa nini yule mjinga hakusema maziwa. Siku hiyo hiyo akamtuma mtu kwenda kumwita, na gari lile akalitengeneza kwa mwendo ambao kijana hakuwahi kuuombea hata katika maombi. Hakumwomba radhi. Alimwambia tu kwamba mwenye kazi asiongee kama mwenye haraka.

Sikio lake lilikuwa la ajabu. Alisikiliza injini kwa mwiko. Mwiko wangu, tena. Aliuchukua siku ya kwanza bila kuomba, akaweka ncha moja kwenye bloku inayonguruma na nyingine nyuma ya sikio, akafumba macho, akasema silinda ya tatu ina kikohozi. Walipofungua, ya tatu ndiyo iliyokuwa mbovu. Nilinunua mwiko mwingine, naye akaja kuuchukua huo pia kwa sababu mti wake ulikuwa mzuri zaidi. Nikaacha kulalamika. Jiko langu nalo lilikuwa lake nusu. Gasketi ya kukaa kati ya tumbo la gari moja na pua ya gari jingine haiuzwi popote, basi aliikata mwenyewe kwa bati la shaba, akalipasha moto kwenye makaa yangu mpaka likawa jekundu, ili lilainike na kukaa vizuri. Wateja wa chapati walisubiri. Yeyote aliyenung'unika aliambiwa na Fundi kwamba hata yeye mwenyewe alipikwa miezi tisa.

Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, katika koti la kijivu, akaimba sauti ya chini kwa unyenyekevu ambao gerejini hukuuona. Mkewe alikuwa nyumbani, magharibi, akilima. Fundi alimtumia kila alichopata, na hilo sina shaka nalo, lakini kwenda mwenyewe hakwenda. Krismasi ilipita, mazishi ya jamaa yakapita, na jibu lake lilikuwa moja: hawezi kuondoka na kuacha injini wazi. Daima kulikuwa na injini wazi. Nilimwambia usoni kwamba mke si gari la kusubiri zamu, na akanijibu kwamba maneno hayo ni kweli, akaendelea na kazi.

Sasa nije kwenye gari la mazishi, maana ndilo lililonifanya nimjue.

Sisi watu wa magharibi tulioishi Mbotela na mitaa ya jirani tulikuwa na chama cha kuzikana. Wengi walikuwa wa reli, wa halmashauri, wa viwandani, na watu kama mimi wa vibanda. Tulichanga miaka mingi tukanunua gari moja la abiria, refu, lililotumika sana, tukang'oa viti vya nyuma ili sanduku lipate nafasi. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mtu wa kuandika kila kitu, naye kabla ya kila safari alimwita Fundi alikague. Mume wangu alipofariki, mwenyekiti alifanya vivyo hivyo. Fundi akaweka mwiko, akafumba macho, akasikiliza muda mrefu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mlangoni na leso kichwani. Nilimsikia akisema, "Itapanda."

Tuliondoka asubuhi. Tukapita Nakuru vizuri, tukapita Salgaa, na barabara ilipoanza kuinuka gari likaanza kupungua. Lilipungua mpaka watembeao kwa miguu wakatupita. Mvua ilikuwa inanyesha. Dereva akajaribu, akajaribu tena, mwisho akageuka bila kunitazama akasema wenye nguvu washuke. Walishuka wote, na hawakutosha. Nikashuka na mimi. Niliweka mikono yangu kwenye mlango wa nyuma, na upande wa pili wa mlango ule alikuwa mume wangu. Malori yalitupita yakitupigia honi. Tulimsukuma hivyo, tukipumzika na kuanza tena, mpaka juu. Watu hudhani nililia. Sikulia. Niliona aibu, aibu kubwa kuliko huzuni, na hilo linaniuma mpaka leo, kwamba siku ya kumzika mume wangu nilichokihisi zaidi ni aibu.

Nilirudi kibandani baada ya mwezi na zaidi. Fundi alivuka gunia kuja kunipa pole. Alikuwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, na akanipa yote miwili. Nikamwangalia. "Fundi," nikamwambia, "ulisema itapanda. Mume wangu nimemsukuma mimi."

Aliacha chai niliyommiminia bila kuigusa. Kesho yake nilipofika kuwasha jiko, gari la chama lilikuwa chini ya mabati yake na injini yake ilikuwa imelala chini kwenye gunia. Mwenyekiti alipokuja kuuliza kwa idhini ya nani, Fundi alimwambia maneno ambayo baadaye mtaa mzima uliyarudia: hakuna mtu wetu atakayesukumwa tena.

Kazi ile ilichukua miezi. Tumbo lilikuwa la gari lenyewe, kubwa na zito na lenye subira. Pua aliitafuta Kirinyaga Road wiki tatu mpaka akaipata kwenye gari dogo lililogongwa, kichwa chenye valvu kumi na sita mahali pa nane. Nilimwona akija nacho akikikumbatia kifuani, amevua shati na kukifunika. Matundu ya oili ya chini hayakulingana na ya juu. Akapaka masizi, akabandika katoni, akagonga kwa kanyundo mpaka kila tundu likajichora. Mengine akayaziba, mengine akayatoboa upya, kila siku kidogo, akipuliza kwa mdomo kuona kama pumzi inafika upande wa pili. Alikonda. Wenye magari mengine walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine, na hakuwazuia.

Kulikuwa na jambo moja lililokuwa la hatari kuliko yote. Valvu za kichwa kile zilishuka chini zaidi ya zile za zamani, na pistoni ilipanda juu. Vikigusana injini inajiua. Mafundi wenye vyombo wana namna zao za kupima. Namna ya Fundi ilikuwa unga wangu. Alichukua donge dogo la chapati, akalipaka mafuta, akaliweka juu ya pistoni, akafunga kichwa kwa boliti zote, akaizungusha injini kwa mkono polepole mizunguko miwili. Kisha akafungua. Valvu ilikuwa imeacha alama kwenye unga. Akakata kwa wembe katikati ya alama, akapima unene uliobaki. Ukiwa unene wa sarafu ya shilingi, salama. Ukiwa pungufu, alichukua tupa akachimba pistoni pale valvu inaposhukia, akarudia. Nilimwona akirudia mara nyingi hata nikawa nakata donge lake kabla ya yale ya wateja.

Siku ya kipimo cha mwisho, chapati zangu ziliisha mapema. Alipoingiza mkono kwenye gunia nikampa donge kutoka kwenye sufuria ya mandazi. Unga ni unga, nilidhani. Sikumwambia, wala sikuona kuna la kumwambia. Aliliweka, akafunga, akazungusha. Kisha, badala ya kufungua papo hapo kama kawaida yake, akaitwa Kirinyaga Road, kulikuwa na mkanda wa injini aliokuwa ameutafuta na mwenye duka alikuwa anafunga. Akaenda kwa miguu, kama kawaida. Jua lilipiga bati na chuma chote mchana kutwa. Aliporudi akafungua, akakata, akapima. Shilingi na zaidi. Nilimsikia akicheka peke yake kwa furaha.

Injini ilipowashwa kulikuwa na watu kama arusini. Iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotufanya tushikane mikono. Mwenyekiti alivua kofia. Kisha Fundi akamwashiria dereva akanyage mafuta, dereva akakanyaga, na ndani pakalia kama droo ya vijiko iliyoangushwa sakafuni. Ikazima. Fundi hakusogea. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakipita mbali naye.

Walipokwisha kuondoka nilikwenda kuokota vikombe vyangu. Vipande vya unga alivyokuwa amevikata vilikuwa bado juu ya kifuniko cha debe, vimekauka, na nikaona ndani yake vishimo vidogo vidogo. Chapati haina vishimo hivyo. Hamira ilikuwa imefanya kazi yake mle ndani ya joto la chuma. Valvu iliukandamiza unga mpaka ukawa karatasi, halafu unga ukaumuka tena ukamdanganya.

Jumapili chama kikakutana. Valvu kumi zilikuwa zimepinda na pistoni mbili zimepasuka, na wako waliotaka gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakasema chotara ni mchezo wa vijana na maiti si za kufanyiwa mchezo. Mwenyekiti akamwuliza Fundi kilichotokea. Fundi, yule asiyekubali kurekebishwa, akasimama na koti lake la kijivu akasema, "Nilipima vibaya." Akaomba wampe nafasi moja nyingine. Akaketi. Mimi nilikuwa safu ya tatu, na sikufungua mdomo. Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, niliogopa waseme mwenyewe ndiye ameharibu. Naiandika hapa ili ijulikane kwamba nilinyamaza wakati mtu mwingine anabeba kosa langu.

Walimpa nafasi, kwa tofauti ya kura chache.

Jumatatu nilivuka gunia kabla sijawasha moto. Nikamwambia unga ulikuwa wa mandazi. Alikuwa anapanga valvu zilizopinda kwenye gazeti, na hakuinua kichwa. "Najua," akasema. "Nilinusa hamira nilipofungua mara ya pili." Nikamwuliza mbona hakusema mbele ya watu. "Wewe hukujua," akasema, "na mimi sikuuliza. Nilifurahi, ndiyo sababu sikuuliza." Kisha akaniambia kuanzia siku hiyo unga nitaukanda mwenyewe mbele yake, nitauweka mwenyewe, na nitaukata mwenyewe. Nikamwambia mimi si fundi. Akasema hakutafuta fundi, alitafuta mtu anayejua unga.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kupima injini. Nilikaa na wembe, miwani ya kusomea Biblia puani, nikikata alama za valvu kumi na sita, nyingine mara sita, nyingine mara nane. Nilipomwambia pungufu, alichimba bila kubisha. Siku nilipomwambia zote ni shilingi, alinitazama akaniuliza kama nina hakika, nikasema nina hakika. Akafunga. Dereva alipokanyaga mafuta nilifumba macho, na nilipoyafungua injini ilikuwa ingali inanguruma na Fundi alikuwa amelalia boneti la gari jirani kama mtu aliyechoka kwa maradhi.

Safari ya kwanza tulimpeleka bibi mmoja aliyewahi kutuzalisha wengi wetu pale mtaani. Fundi hakuja, kulikuwa na injini wazi. Lakini aliniagiza tukifika Salgaa nimpigie simu. Ndani ya gari lile injini iko chini ya kifuniko kati ya viti vya mbele. Nikapiga, nikaweka simu juu ya kifuniko. Barabara ikainuka. Sanduku lilikuwa nyuma yetu, na watu kumi na mbili, na gari halikupungua. Nilisubiri aseme neno, nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia sauti yake ndogo: "Mwambie dereva ashuke gia moja. Asiogope." Dereva akashuka gia, injini ikavuta pumzi, tukayapita malori mawili. Juu kabisa Fundi akasema "Basi," akakata. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kuimba, na nililia siku hiyo, nikalia yote niliyokuwa sijalia. Jirani aliyenishikia kibanda aliniambia baadaye kwamba muda wote ule Fundi alisimama chini ya mabati, simu sikio moja na kidole sikio jingine, mafundi wenzake wamekatazwa kugusa hata spana, na alipokata simu alikula chapati tatu bila kusema na mtu.

Kwa miaka mingi gari lile lilipanda. Hakuna mtu wetu aliyesukumwa tena.

Mara ya mwisho nilipokaa na Fundi ilikuwa mwaka huu. Mabati yalishaondolewa zamani, pamejengwa ghorofa, nami nimehamishia kibanda karibu na soko. Yeye alikuwa Komarock kwa binti yake. Nilipoingia alinisalimu kwa sauti ya kutisha majirani, nikajua habari niliyoambiwa ilikuwa ya kweli. Masikio yalikuwa yamekwisha. Miaka ya nyundo na mabati, daktari alisema. Binti yake alimwandikia kwenye kidaftari, naye alijibu kwa mdomo. Alikuwa ameamua kurudi nyumbani kwa mkewe, na safari hii hapakuwa na injini iliyokuwa wazi. Nilitoka pale nikiwa na uchungu wa mtu kuchukuliwa kile kimoja alichopewa zaidi ya wengine.

Nilipolieleza jambo hilo kwenye chama, mwenyekiti, ambaye sasa hutembea kwa fimbo, alisimama akasema tusisubiri kumpeleka huyu akiwa amelala. Tumpeleke akiwa amekaa. Hakuna aliyepinga. Tukamwandikia kwenye kidaftari, akasoma, akafuta miwani, akasoma tena, akaniuliza kwa sauti yake kubwa kama gari limekaguliwa.

Tuliondoka asubuhi, watu wanane, magunia yake ya vyombo nyuma mahali pa sanduku. Yeye alikaa mbele kando ya dereva katika koti la kijivu, akitazama barabara ambayo kwa miaka yote aliijua kwa masikio. Baada ya Salgaa barabara ilipoinuka niliona anashika kiti. Gari likapanda vizuri. Halafu, karibu nusu ya mlima, magari yote ya mbele yakasimama. Lori lilikuwa limekwama mbele huko. Dereva akavuta breki ya mkono, akaacha injini iwake, akaanza kutafuta njugu zake.

Fundi alitazama mbele, akatazama kifuniko cha injini, akamtazama dereva. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akafungua mlango akashuka polepole akijishikilia. Nilidhani anataka kujisaidia. Nilipogeuka nilimwona kupitia kioo cha nyuma, ameweka mikono miwili kwenye mlango, mguu mmoja umetangulia, kichwa kimeinama, anasukuma.

Nilishuka mbio nikamshika bega. Akageuka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka na pumzi zilikuwa fupi, na alipaza sauti hata watu wa magari ya nyuma wakachungulia.

"Rudi ndani, Mama Nekesa. Leo nitasukuma mimi."

Nilimwambia halijashindwa, ni foleni tu. Hakusikia. Nilimwambia tena, nikamwonyesha magari. Kidaftari kilikuwa ndani. Nikakichukua kiganja chake, kigumu kama ukoko, nikakibandika kwenye bati la ubavuni ambako mtetemo ulikuwa mkubwa. Alitulia. Alikaa hivyo ameinamisha kichwa, na niliona midomo yake inahesabu silinda, moja, mbili, tatu, nne, na kurudi mwanzo.

"Inawaka," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikaitikia kwa kichwa. Mbele walikuwa wamelivuta lile lori pembeni na magari yalianza kusogea. Nikamshika mkono tukazunguka hadi mlango wake, nikamsaidia kuvaa koti, nikabanana naye kwenye kiti kile kimoja, na gari likapanda.